Swali la Lamboni na Jibu la Maabara

Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na ambao makao yake makuu ni mji wa Bariadi, ni nchi ya pamba, mtama, mpunga na ng'ombe. Na kwa kuwa mvua zake ni za msimu, na mito yake hufurika masika na kupungua kiangazi, watu wake tangu zamani wamejifunza kuyazuia maji katika malambo, kuyatuliza katika majaruba, na kuyafukua katika mchanga wa mito iliyokauka. Maji hayo ni uhai wa mifugo na mashamba, wala hapana mtu mwenye akili timamu atakayewashauri Wasukuma wayaache. Walakini katika maji hayo hayo huishi konokono mdogo, na ndani ya konokono huyo hulelewa mdudu wa kichocho, maradhi ambayo watoto wengi wa mkoa huo huyafahamu kwa damu waionayo katika mkojo wao kabla hawajayasoma katika kitabu chochote.

Basi hapo lamboni pana swali. Mtoto wa miaka kumi, ambaye mwaka jana alimeza dawa shuleni pamoja na wenzake, mwaka huu ameonekana tena akikojoa damu. Babu yake, ambaye siku zote za maisha yake amekuwa akiingia katika lambo lile lile kunywesha ng'ombe, akipimwa aghalabu huonekana hana ugonjwa au anao kidogo mno. Kwa nini maji mamoja yamdhuru mjukuu na kumsamehe babu?

Swali hili ni jepesi kuuliza na zito kujibu. Mtu mwenye haraka atasema kwamba mtoto huoga na kucheza majini, na mzee hasogelei maji ila kwa haja. Na neno lake lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, maana wako watu wazima ambao riziki yao huwaweka majini kutwa, wakipanda mpunga, wakivua samaki, wakichota mchanga, na bado baada ya kutibiwa hawarudiwi na ugonjwa upesi kama warudiwavyo watoto. Pana kitu ndani ya mwili wa mtu mzima ambacho mwili wa mtoto haujakipata. Kukitafuta kitu hicho, kukipima na kukithibitisha kwa dalili zisizokanushika, ndiyo kazi ya mtafiti wa elimu ya kinga katika maabara ya chuo kikuu. Na makala haya yana kusudi la kumweleza msomaji jinsi kazi hiyo ilivyo, na kwa nini natija yake inawahusu watu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega kuliko wanavyodhani.

Mnyoo na hila zake

Kichocho cha mkojo ndicho kilichoenea zaidi katika wilaya za ndani za Simiyu, ilhali kichocho cha tumbo hupatikana zaidi karibu na Ziwa Viktoria, kama vile Busega. Mnyoo wa kichocho cha mkojo aligunduliwa mwaka 1851 mjini Kairo na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz. Na mwaka 1915, huko huko Misri, Robert Leiper alithibitisha kwamba mdudu huyo hupitia kwa konokono kabla ya kumrudia mwanadamu. Nchi ya Wasukuma nayo ina nafasi yake katika tarehe ya elimu hii, kwa sababu tangu mwaka 1949 mji wa Mwanza umekuwa na kituo cha utafiti wa maradhi, kilichoanza kwa kuchunguza matende, kikawa baadaye taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki nzima, na leo ni tawi la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979. Ni kutoka Mwanza kwamba mtaalamu Gerald Webbe aliandika mwaka 1962 juu ya uenezi wa kichocho cha mkojo katika Jimbo la Ziwa. Konokono wa vidimbwi vya mvua wa nchi hii hujizika katika tope dimbwi likaukapo, akangoja humo mpaka mvua irudi. Kwa hiyo kukauka kwa lambo si kufa kwa kichocho.

Mtu akitia mguu katika maji yenye ugonjwa, kiluwiluwi asiyeonekana kwa macho hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, na kazi hiyo huichukua dakika chache tu. Kisha husafiri kwa njia ya damu mpaka mapafuni na inini, akakua, na dume akampata jike na kumkumbatia katika mfuo wa mwili wake, nao wawili wakaenda kukaa katika mishipa midogo inayozunguka kibofu, wakizaa mayai kila siku kwa miaka mitatu, mitano, kumi, na pengine zaidi ya hapo. Hili ndilo jambo linalomshangaza mtaalamu wa kinga kuliko yote. Mnyoo wa urefu wa sentimita moja au zaidi kidogo hakujificha katika pembe ya mbali ya mwili. Amekaa ndani ya damu yenyewe, mahali ambapo chembe za ulinzi hupita usiku na mchana, wala hadhuriwi. Mnamo mwaka 1969 wataalamu wa Uingereza walionyesha sababu mojawapo ya salama yake: mnyoo hujivika juu ya ngozi yake vitu alivyoviokota katika damu ya mwenyeji, hata ulinzi wa mwili ukimpapasa hukuta vazi la nyumbani, ukadhani ni mwenyewe.

Na iko ajabu ya pili. Madhara makubwa ya kichocho hayatoki kwa mnyoo mwenyewe, bali hutoka kwa mayai, na zaidi hutoka kwa jinsi mwili unavyoyapokea mayai hayo. Sehemu kubwa ya mayai hushindwa kutoka na mkojo, yakanasa katika nyama za kibofu na viungo vya uzazi. Na mwili, kwa kutaka kuyazuia, huyazungushia chembe nyeupe tabaka juu ya tabaka, mpaka penye yai pakawa uvimbe mdogo, na penye vivimbe vingi pakawa kovu. Kovu likikaa miaka, kibofu hukakamaa, njia ya mkojo huziba, na baadhi ya watu hufikwa na saratani. Kwa hiyo mtafiti wa kinga hatafuti nguvu peke yake. Hutafuta kiasi, kwa maana ulinzi uliopungua humwacha adui, na ulinzi uliopita mpaka huibomoa nyumba unayoilinda.

Kinga ni nini

Mwanadamu ana kinga za namna mbili. Ya kwanza huzaliwa nayo, na humkabili kila mgeni kwa namna moja, kama vile ngozi, makamasi, homa, na chembe nyeupe zimezazo vijidudu. Ya pili hufunzwa: mwili hukutana na adui, humchunguza, hutengeneza chembe na kingamwili zinazomhusu yeye tu na si mwingine, kisha huhifadhi kumbukumbu yake, na siku atakaporudi humtambua, mithili ya mfugaji wa Meatu atambuavyo ng'ombe wake kwa alama ya sikio katika mnada wenye mamia ya ng'ombe. Kingamwili ni protini zieleazo katika damu, nazo zina makundi. Mawili tutakayoyahitaji hapa yanaitwa kwa herufi IgE na IgG4.

Kwamba mtu aliyepona maradhi fulani hayarudii, ni jambo ambalo watu walilijua zamani kuliko hadubini. Tabibu al-Razi, aliyeandika kwa Kiarabu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alitenga ndui na surua kwa maelezo ambayo yalisomwa karne nyingi baada yake. Edward Jenner wa Uingereza alichanja mtoto mwaka 1796 kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Na mwisho wa safari hiyo ndefu ulifika pwani yetu ya Afrika Mashariki, katika mji wa Marka nchini Somalia, ambako Oktoba 1977 Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliugua ndui na kupona, akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekoma.

Lakini kichocho si ndui. Ndui huufunza mwili kwa ugonjwa mmoja, na kichocho huufunza kwa miaka mingi, tena kwa funzo lisilokamilika. Kwa nini funzo hilo lichelewe, ndilo swali la lamboni likiulizwa kwa lugha ya maabara.

Kutoka shuleni mpaka kwenye sahani yenye vishimo

Msomaji akisikia neno mtafiti wa maabara huenda akamwazia mtu wa koti jeupe aliyefungiwa chumbani na chupa zake. Katika utafiti wa kichocho kazi haianzii humo. Huanza kwa karatasi, kwa maana hapana ruhusa ya kumtoa mtu damu kwa ajili ya elimu mpaka kamati ya maadili imesoma kusudi, njia na hatari, ikatoa kibali. Kisha huendelea kwa mkutano wa kijiji, ambapo viongozi, walimu na wazazi huelezwa kwa lugha wanayoielewa, Kiswahili au Kisukuma, kitakachotolewa, kitakakopelekwa, na haki ya kila mtu kukataa bila ya kupoteza tiba yake. Ridhaa ya mzazi huwekwa kwa saini au dole gumba, na mtoto mwenyewe huulizwa. Mtafiti mwenye insafu haoni hatua hii kuwa ucheleweshaji; huiona kuwa ndiyo mlango halali wa kazi yake.

Siku ya kuchukua mkojo huwa na saa yake. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi zaidi katikati ya mchana, na kwa sababu hiyo vikopo hugawiwa baina ya saa nne asubuhi na saa nane, wakati jua la Simiyu limeshika na watoto pengine wamekimbia kidogo uwanjani. Mkojo hutikiswa, ujazo wa mililita 10 ukavutwa kwa bomba la sindano, ukasukumwa taratibu kupita katika kichujio chembamba ambacho matundu yake ni madogo kuliko yai. Kichujio hulazwa juu ya kioo, kioo kikawekwa chini ya hadubini, na hapo mayai huonekana, marefu kidogo, ya rangi ya kahawia hafifu, kila moja na mwiba mmoja mfupi katika ncha yake. Mwiba huo wa nchani ndio humtambulisha mnyoo wa mkojo, kwa kuwa yai la kichocho cha tumbo mwiba wake hutoka ubavuni. Mhesabuji huhesabu moja moja. Na mtoto ambaye katika mililita zile kumi amekutwa na mayai 50 au zaidi, huandikwa kuwa na maambukizo mazito. Kila aliyekutwa na ugonjwa hupewa dawa, maana kumjua mgonjwa na kumwacha ni dhuluma.

Damu nayo huchukuliwa kwa uangalifu wake. Ile inayotafutiwa kingamwili hutengwa majimaji yake na kuwekwa baridini. Ile inayotafutiwa chembe hai haitakiwi kugusana na barafu, bali hutakiwa ifike maabara siku ile ile, kwa kuwa chembe hai haingoji. Kwa mtafiti aliyetoka Bariadi au Itilima, hii ina maana ya gari kuondoka mapema, kushika barabara ya Lamadi, na kuandama ukingo wa ziwa mpaka Mwanza, na wenzake maabara wakimsubiri hata usiku. Hapo damu humwagwa polepole sana juu ya maji mazito ya sukari maalumu, ikazungushwa katika mashine ya kasi, na itokapo imejipanga yenyewe: majimaji ya manjano juu, chembe nyekundu chini, na katikati pete nyembamba ya ukungu mweupe. Pete hiyo ndiyo chembe za kinga. Huvutwa kwa mkono usiotetemeka, huoshwa, huhesabiwa, na zile zinazohifadhiwa hugandishwa taratibu, kisha huzamishwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ambamo hukaa hai kwa miaka.

Kazi ya kupima kingamwili hufanywa kwa njia iliyobuniwa mwaka 1971 mjini Stockholm na Eva Engvall na Peter Perlmann, na iliyoenea katika maabara za dunia nzima. Mtafiti huchukua sahani ya plastiki yenye vishimo 96, hupaka ndani ya kila kishimo protini za mnyoo, hutia tone la majimaji ya damu ya mtu mmoja, hungoja, huosha. Ikiwa damu hiyo ina kingamwili ya kichocho, itakuwa imeshika. Ikiwa haina, itakuwa imekwenda na maji. Kisha hutia kingamwili nyingine iliyofungwa kimeng'enya, hungoja, huosha tena, na mwisho hutia dawa isiyo na rangi. Hapo, mbele ya macho yake, baadhi ya vishimo huanza kugeuka rangi, vingine upesi, vingine kwa uvivu, vingine visigeuke kabisa. Na mashine husoma kila kishimo na kukiandikia tarakimu. Haiaminiwi sahani yoyote ambayo haina, pamoja na damu za kuchunguzwa, damu ya mtu ajulikanaye kuwa mgonjwa na damu ya mtu ambaye hajapata kuugua. Na kila damu hupimwa katika vishimo viwili, vikihitilafiana sana kazi hurudiwa. Vilevile mtafiti huona namba tu wala haoni majina, ili kutaka kwake kusiingie katika kuona kwake.

Majibu yaliyopatikana

Sasa turejee kwa babu na mjukuu. Katika miaka ya 1980, huko Machakos nchini Kenya, Anthony Butterworth na wenzake, miongoni mwao John Ouma wa Kenya, waliwatibu watoto wa shule, kisha wakawafuatia miaka kadhaa, huku watu waliowekwa kando ya mito wakiandika ni nani aingiaye majini na kwa kazi gani. Ilidhihirika kwamba baadhi ya watoto, hasa wakubwa, hawakuambukizwa tena kwa wepesi ijapokuwa waliendelea kuingia majini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 kutoka Gambia, na mwingine kutoka Kenya mwaka 1992, ulipima damu za watu wa namna hiyo na kukuta jambo moja: waliokuwa na kingamwili nyingi ya IgE juu ya mnyoo waliponyoka zaidi na maambukizo mapya. Watoto wadogo hawakukosa kingamwili. Walakini mizani yao ililalia upande wa IgG4, ambayo hushika mahali pale pale pa mnyoo bila ya kuamsha shambulio, ikawa kama inaizuilia IgE nafasi yake.

Huko Piida, kijiji cha wavuvi katika Ziwa Albert nchini Uganda, Narcis Kabatereine na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba hata mahali ambapo watu wazima hushinda majini, bado baada ya kutibiwa hurudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko watoto. Hoja ya kwamba mzee hupona kwa kuwa haogelei ikapata jibu lake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka Kisumu, katika ziwa letu hili hili. Diana Karanja na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwafuatia waosha magari ambao husimama ndani ya Ziwa Viktoria siku nenda siku rudi, ngozi zao zikiguswa na maji ya kichocho kila waendapo kazini. Walitibiwa, wakaugua, wakatibiwa tena. Na baadhi yao, kadiri matibabu yalivyokaririwa, walianza kukaa muda mrefu zaidi kabla ya kuambukizwa upya, ijapokuwa magari waliyoyaosha hayakupungua. Waliokuwa na virusi vya Ukimwi, ambao chembe zao za kinga ziitwazo CD4 zilikuwa zimeshuka, hawakuipata faida hiyo kama wenzao.

Maana ya habari hizi ni hii. Mnyoo akiwa hai amejivika, na mwili hauzioni siri zake. Mnyoo akifa, vazi huraruka na siri zote humwagika katika damu, na hapo ndipo kinga hupata cha kujifunza. Mtoto aliyeambukizwa na kuachwa hungoja mnyoo azeeke na kufa, jambo la miaka mingi, na ndiyo sababu babu, ambaye katika umri wake ameshuhudia mauti ya minyoo wengi ndani ya mishipa yake, anayo kinga ambayo mjukuu hajaipata. Dawa ya prazikwanteli huyaleta mauti hayo kwa siku moja. Kwa hiyo kidonge anachomeza mtoto shuleni siku ya kingatiba, baada ya mwalimu kumpima urefu kwa fimbo yenye alama, hufanya kazi mbili: humwondolea minyoo ya leo, na huufunza mwili wake kwa ajili ya kesho. Nayo dawa yenyewe huhitaji msaada wa kinga, kwa maana wanyama wa maabara walioondolewa sehemu ya kinga yao hawakutibika sawasawa kwa dawa hiyo hiyo.

Basi mzazi wa Maswa au Itilima asemapo kwamba dawa haina kazi kwa kuwa mtoto ameugua tena, maabara yana la kumjibu, tena kwa staha na kwa ithibati. Prazikwanteli haizuii mnyoo mpya kuingia, wala haiwaui vizuri minyoo wachanga. Mtoto anayerudi lambo lile lile ataambukizwa, na si kosa la kidonge. Lakini kila mwaka ambao kingatiba imepita na mtoto ameimeza, mayai yaliyopungua yameacha makovu machache katika kibofu chake, na mwili wake umesogea hatua moja kwenye kinga ya watu wazima. Kuiacha dawa kwa kukata tamaa ni kulivunja funzo katikati.

Damu ya Mwanza na hukumu ya dunia

Wako wanaodhani kwamba elimu ya namna hii hufanywa ng'ambo na sisi tukaipokea. Dhana hiyo haina haki. Mjini Mwanza, juu ya kilima cha Bugando, pana Chuo Kikuu Kishiriki cha zamani ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Sayansi za Afya na Tiba, kilichoanza mwaka 2003. Pana Taasisi ya Taifa niliyoitaja. Na pana kitengo chake cha majaribio ya tiba, vyote vikifanya kazi pamoja na vyuo vya nje. Kutokana na ushirika huo lilipatikana jambo linalowahusu wanawake wa vijiji vya ziwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia matone ya damu yaliyokaushwa katika karatasi na kutunzwa kwa miaka, ulionyesha kwamba wanawake wenye kichocho walikuwa katika hatari zaidi ya kupata virusi vya Ukimwi, kwa kiasi kinachokaribia mara tatu, ilhali kwa wanaume hatari hiyo haikuonekana. Mayai yanaponasa katika njia ya uzazi huacha vidonda, na huzikusanya hapo chembe zile zile ambazo virusi hupenda kuziingia. Hivyo kichocho, kilichodhaniwa kuwa aibu ndogo ya watoto, kimedhihirika kuwa adui wa mama zao.

Na hapo hapo Mwanza, wasichana 930 wa umri wa miaka 9 hadi 14 walishiriki katika jaribio la chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, kupima kama dozi moja yaweza kutosha badala ya mbili au tatu. Natija yake ilitangazwa mwaka 2022: baada ya miaka miwili, takriban wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili, ijapokuwa kwa wingi ulio chini ya waliopata dozi zaidi, na kiasi hicho, kilipolinganishwa na cha wanawake wa nchi nyingine ambao dozi moja ilikwisha kuwakinga kwa hakika, hakikupungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania, iliyoianza chanjo hiyo nchini kote kwa dozi mbili mwaka 2018, iliifuata njia hiyo. Sindano moja badala ya mbili ni safari moja ya mhudumu kwenda shule ya mbali badala ya mbili, na kwa mkoa wenye vijiji vilivyotawanyika kama Simiyu, hilo si jambo dogo.

Sifa za mwenye kazi hii

Njia ya kuifikia kazi hii ni ndefu. Kijana huanza na shahada ya tiba, ya sayansi za maabara, ya mifugo au ya elimu ya viumbe, huko Bugando, Muhimbili, Moshi au Sokoine. Hufuata uzamili, kisha uzamivu, ambamo kwa miaka kadhaa hushughulika na swali moja tu mpaka alijue kuliko mtu mwingine yeyote. Humpasa kuvumilia umeme unaokatika na jokofu lililojaa amana za watu. Dawa za maabara huagizwa ng'ambo na kufika zimechelewa. Fedha za utafiti huombwa kwa ushindani na kutolewa kwa muda. Na zaidi ya hayo, yako majaribio yanayokataa. Chanjo ya kichocho mpaka sasa haijapatikana. Mojawapo iliyofika mbali ilijaribiwa kwa watoto wa Senegal, nayo haikutosheleza. Waliotumia miaka mingi ya maisha yao juu yake hawakufanya kazi bure, kwa kuwa waliutangaza ukweli ulivyo, na aliyefuata nyuma yao hakulazimika kupotea njia ile.

Sifa moja hupita zote, nayo ni uaminifu. Mtoto aliyetoa damu yake hatajua kama mtafiti aliirudia sahani iliyohitilafiana au aliiacha. Mzazi aliyeweka dole gumba hatausoma mkataba wa kusafirisha sampuli. Wamekabidhi amana kwa mtu wasiyeweza kumkagua. Kwa hiyo faradhi ya kwanza ya mtafiti ni kuipima damu hiyo kwa haki, na faradhi ya pili, ambayo mara nyingi husahauliwa, ni kurudi katika kijiji kile kile, katika mkutano ule ule, na kuwaambia watu kilichoonekana. Utafiti uliochapishwa London na usioelezwa Itilima umefanya nusu ya kazi yake.

Wala maabara yasibebeshwe yasiyo yake. Elimu ya kinga imeeleza kwa nini mtoto huugua tena, na imeeleza kwa nini dawa istahili kurudiwa. Haiwezi kuchimba kisima, wala kujenga choo, wala kumwekea mtoto mahali pa kuogelea pasipo na konokono. Hayo ni ya halmashauri, ya serikali na ya kila kaya. Lakini vijana wa Bariadi wanaoketi leo katika madarasa ya sayansi wana haki ya kujua kwamba swali la lambo la kijijini kwao ni swali ambalo wataalamu wa dunia wanalifikiri, kwamba sehemu kubwa ya jibu lake imepatikana katika miili ya watu wa Afrika Mashariki, na kwamba sehemu iliyobaki, yaani chanjo itakayomfunza mtoto kwa siku moja yale ambayo babu yake alifunzwa kwa umri mzima, inawangoja wao. Nchi iliyotoa damu kwa ajili ya elimu hii inastahili itoe pia wataalamu wake, na kazi hiyo ya kuwatoa ianze katika shule za Simiyu zenyewe.